Mpangaji wa Chumba Namba Tatu

Nina vyumba vinne vya kupangisha hapa Ipogolo, nyuma ya barabara kuu, na kwa karibu mwaka mzima chumba namba tatu kilikuwa hakikai mtu. Nitasema mapema kwa nini, maana sipendi hadithi za kuzungushana. Chini ya sakafu ya chumba hicho amelala mtoto wangu wa kwanza. Sakafu niliimwaga mimi, kwa pesa yangu, juu ya ardhi niliyopewa na mahakama baada ya talaka, na karatasi ya hukumu ninayo kabatini. Watu walipoanza kunitazama vibaya nilikuwa natamani kuwaonyesha hiyo karatasi. Siku hizi nimeacha.

Naitwa Crispin. Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo miaka ishirini na tatu, zaidi upande wa kukata. Kazi ile inakutia ugonjwa wa vipimo. Ukishazoea kulinganisha marobota ya karatasi, hata nyumbani unakata mkate kwa rula, na mke wangu alikuwa akinicheka kwa hilo enzi zile tulipokuwa bado tunachekana.

Mke wangu alikuwa Atuganile, Mnyakyusa, kwao Mbeya. Tulikinunua kiwanja hiki mwaka wa pili wa ndoa, mtaa ukiwa bado mashamba. Kwa kuwa mfuko ulikuwa mwembamba, tulianza na kijumba cha vyumba viwili huku nyuma, kando ya migomba, chumba kimoja cha kulala na kimoja jiko. Nyumba kubwa ya mbele ilikuja baadaye sana. Mimi nilikuwa Mgololo wiki tatu kati ya nne, yeye akabaki hapa na tumbo la kwanza. Mama yake alishuka kutoka Mbeya kumsubiria uzazi.

Taarifa ilinifikia kazini kwa simu ya msimamizi. Nilipanda lori la mbao mpaka Mafinga, kisha basi, nikafika siku ya pili yake. Nikawakuta wanawake wamekaa jikoni kimya, mama mkwe wangu na majirani wawili watatu. Mtoto alikuwa amezaliwa hana pumzi. Yote yalikuwa yamekwisha tangu jana yake asubuhi. Kwa wazee wetu wa Kihehe, na nilivyoona siku ile hata kwa wale wa mke wangu, mtoto ambaye hakulia hawekewi matanga. Wanawake humzika wenyewe, karibu na nyumba, siku hiyohiyo. Baba haitwi wala haonyeshwi mahali. Msalaba haupo, na jina halitajwi hadharani. Walisema ukimlilia sana unamfungia mlango yule atakayefuata.

Jirani yetu Verediana, ambaye tayari alikuwa mtu mzima wakati huo, alinitengea ugali na mboga ya maboga. Akaniambia, "Mwanangu, usiulize. Kula." Nikala. Nakumbuka hata kwamba niliongeza.

Ikupa alizaliwa miaka miwili baadaye, akalia mpaka majirani wa ng'ambo wakasikia, na tukawa Baba Ikupa na Mama Ikupa kama vile hapakuwahi kuwa na jina jingine la kuitwa. Hakuna aliyefuata baada yake. Mke wangu aliendelea kufagia kule nyuma chini ya migomba kila asubuhi, hata tulipohamia nyumba kubwa na huko nyuma kukawa hakuna wa kupaona. Maji ya kwanza ya kuoshea mchele alikuwa anakwenda kuyamwaga huko. Niliona, si kwamba sikuona. Nilidhani ni usafi, na mwanaume akishapata neno la kumtosha haendi mbele zaidi.

Sababu ya talaka ni mimi. Nilikuwa na mtu kule Mgololo, na nimeshalisema, tuendelee. Baraza la usuluhishi la kata lilitukalisha mara tatu, likashindwa, likatupa fomu ya kwenda mahakama ya mwanzo. Talaka yenyewe haikuchukua muda. Kilichochukua muda ni mali.

Vitu vya ndani tuligawana wenyewe, nami ndiye niliyekuwa nasimamia kwa ukali wa kijinga ambao leo unanitia aibu. Sahani kumi na mbili, sita kwa sita. Viti vya sebuleni, kila mmoja viwili, na kile kirefu tukakiuza. Sufuria zilikuwa saba. Nilikataa kumwachia ya saba, nikasema haki ni haki, tukaiuza kwa mama ntilie wa pale stendi na tukagawana elfu tisa. Atuganile alipokea elfu nne na mia tano yake bila kunitazama usoni.

Nyumba ndiyo iliyobaki. Mimi nilipeleka mahakamani karatasi za mshahara za miaka yote, zimejaa mfuko mzima. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa mchele, akinunua Ubaruku kwenye mashine za kukoboa na kuuza Iringa mjini, na hakuwa na karatasi yoyote. Alisema bati zote ni mchele wake na tofali nyingi ni mshahara wangu, lakini yeye hajui namna ya kuvitenganisha vikiwa vimeshashikana. Hakimu, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliandika maneno hayo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasema mchango ni sawa kwa sawa, pamoja na ule wa kulea na kupika ambao mimi sikuuleta kwenye mfuko wangu, na kwamba tutakutana kwenye kiwanja waone kwa macho.

Siku hiyo walikuja hakimu, karani, wazee wawili wa baraza na mwenyekiti wa mtaa. Mthamini alikuwa ameshatangulia wiki moja kabla. Nyumba na eneo lake la mbele alivipa thamani ya milioni thelathini na nane. Huku nyuma, na kijumba kilichoanza kubomoka na migomba yake, milioni kumi na nne. Hakimu akatuuliza kama tuna pendekezo letu wenyewe kabla hajaamua.

Atuganile akasema, "Mheshimiwa, nyumba achukue yeye. Mimi naomba hapa nyuma tu, na migomba."

Karani aliacha kuandika. Mzee mmoja wa baraza akamuuliza kama ameelewa anachosema, kwamba nyumba ina vyumba vitano na vigae, na huku nyuma hakuna hata bomba la maji. Akasema ameelewa. Akaulizwa kama anataka mimi nimwongezee tofauti ya pesa. Akasema hapana, hataki hata shilingi.

Sasa nisikilizeni jinsi akili ya mtu mbaya inavyofanya kazi. Wakati huo maneno ya kupanua barabara yalikuwa yamezagaa Ipogolo yote. Kila mwenye nyumba karibu na lami alikuwa akiamka asubuhi kuangalia kama ukuta wake umepigwa alama nyekundu ya kubomolewa. Na kaka yake Atuganile, Isakwisa, ni mpima ardhi huko Mbeya. Nikaunganisha. Nikajiambia huyu amenong'onezwa na kaka yake. Nyumba itabomolewa bila fidia, mimi nibaki na kifusi, yeye awe na kiwanja salama kitakachoishia kuwa kando ya barabara mpya. Hakuna mtu anayeacha vyumba vitano kwa ajili ya kivuli cha migomba. Damu ilinipanda kichwani. Nilijiona nimemshika mwizi mkono ukiwa bado mfukoni.

Nikasema nakataa. Nikasema huku nyuma nakutaka mimi, yeye achukue nyumba anayoniachia kwa ukarimu mkubwa namna hiyo, na tofauti anilipe kwa mujibu wa mthamini. Hakimu alishusha miwani akanitazama. Ya barabara sikuyataja, bila shaka.

Atuganile alinisogelea. Wote walikuwa wanasikia, lakini alisema kwa sauti ya chini kama tupo wawili.

"Baba Ikupa, hapa niachie. Kitu kingine chochote chukua."

"Kuna nini hapa?"

Aliwatazama wale wazee wawili, kisha mwenyekiti, kisha yule kijana wa ukarani na kalamu yake. Mwenyekiti akaanza kukohoa.

"Kama hakuna kitu, basi tugawane kwa haki," nikasema.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa swali lile. Nilijiambia si nilimuuliza, mbele ya mashahidi, na hakujibu? Lakini nilimuuliza kama polisi anavyomuuliza mtu barabarani. Kitu ambacho aliambiwa na mama yake asimwonyeshe hata mume, mimi nilitaka akimwage mbele ya wanaume wanne wa nje na daftari la serikali.

Mahakama ikanipa nilichotaka. Nyumba kwake, nyuma kwangu na njia ya kupitia, na yeye anilipe milioni kumi na mbili ndani ya miezi sita, ili kila mmoja awe na ishirini na sita kamili. Ilikuwa sawa mpaka shilingi ya mwisho. Jioni ile nilikula nyama choma nikiwa peke yangu, na nilijiona mjanja kweli.

Milioni kumi na mbili hakuwa nazo. Akauza nyumba kwa Silvester, bwana mmoja mwenye malori mawili, akanilipa yangu yote kwa mkupuo, akachukua iliyobaki na kwenda kwao Mbeya. Akapanga fremu ya duka Uyole, akaendelea na mchele wake. Ikupa alikuwa tayari chuoni hukohuko. Yule wa Mgololo aliyenitoa ndani ya ndoa yangu naye alipata mwingine asiyepimapima sana. Barabara haikupanuliwa. Alama nyekundu haijapigwa mpaka leo, nyumba ipo palepale, na Silvester amefungua duka la vifaa vya ujenzi sebuleni kwangu. Saruji yangu nilinunua humo.

Nilimwita fundi Aroni, mtu wa Kalenga, aliyetujengea ile nyumba ya mbele, mtulivu, mwenye vijana wake wawili. Tukabomoa kijumba, tukang'oa migomba. Ilitoka kwa shida, mizizi imejaa unyevu, udongo wake mweusi kuliko wa pengine popote kiwanjani. Siku ya tatu walikuwa wanachimba msingi wa chumba cha tatu nikasikia Aroni anawaambia vijana wake waweke sururu chini. Akatoka kwenye mtaro, akavua kofia.

"Mzee, hebu njoo uone," akaniambia.

Kwenye kina cha mtu mpaka kiunoni palikuwa na mawe matatu bapa, yamepangwa mstari mmoja, yamegusana. Hayakuwa mawe ya hapa. Yalikuwa laini, ya mtoni, ya Ruaha Mdogo, na mtu aliyabeba kutoka kule chini mpaka hapa. Pembeni mwa jiwe la katikati palikuwa na ncha ya kitambaa kilichooza, rangi yake imekwisha.

Nilijua. Naomba mtu asinisaidie hapa kwa kusema sikuwa na hakika. Nilijua muda uleule, kabla hata kichwa hakijapata maneno. Niliziona asubuhi zile za kufagia, maji ya mchele, na uso wa Atuganile mbele ya karani. Nikajua kwa nini aliiacha nyumba. Lakini nilikuwa na mifuko arobaini ya saruji chini ya turubai, mvua zilikuwa zinakaribia, na nilikuwa nimeshinda kesi. Kukubali kile nilichokiona kulikuwa ni kukubali na yale yote mengine.

"Ni mafiga ya jiko la zamani," nikasema.

Aroni aliyatazama mawe, akanitazama mimi. "Mafiga yasiyo na masizi?"

"Yameoshwa na mvua. Rudishia udongo, mwaga zege."

Hakubishana. Alirudishia udongo kwa mikono, si kwa koleo, na vijana wake hakuwaruhusu kushuka. Kisha bila kuniuliza akausogeza mtaro wa nyuma nusu hatua kwa nje ili ukuta usipite juu ya yale mawe. Ndiyo maana chumba cha tatu kimezidi vingine kwa nyuma. Mimi niliyerudisha marobota kwa kupishana upana wa kidole, nilikiona chumba kimepinda na sikusema kitu. Sakafu ilipokauka Aroni aliomba malipo yake, akaniachia chumba cha nne nimtafutie fundi mwingine, na hajakanyaga tena hapa.

Mpangaji wa kwanza wa namba tatu alikuwa mwalimu. Alikaa miezi miwili. Alilalamika kwamba karibu na ukuta wa nyuma sakafu haikauki, pana doa la unyevu la ukubwa wa sinia, hata mwezi wa tisa ambapo Iringa nzima inapasuka midomo kwa ukavu. Nikalitindua juujuu, nikapiga lipu mpya. Baada ya wiki doa likarudi mahali palepale. Nikapiga tena, na dawa ya kuzuia maji ya bei mbaya kutoka kwa Silvester. Likarudi.

Wa pili alikuwa Faustina, binti mpole aliyeachwa na mumewe, na mtoto wa miezi mitano. Siku moja saa nne asubuhi niliingia kumtengenezea bawaba ya mlango. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, jua limeingia mpaka miguuni pake. Aligeuza kichwa upande wa lile doa akaanza kucheka. Si kile kicheko cha kichanga kinachokwenda hewani. Alikuwa anacheka kisha ananyamaza, anatazama, kisha anacheka tena, kama mtoto anayechezewa na mtu. Bisibisi ilinidondoka.

"Kila siku yuko hapo, baba," Faustina akasema huku anakunja nguo. "Ana mwenzake."

Alisema kwa utani, lakini mwisho wa mwezi alihama. Akaniambia hana ugomvi na mimi wala na chumba, ila mwanawe ameanza kukataa kutolewa nje.

Wa tatu alikuwa Adrian, fundi wa malori, kifua kama pipa, hamwogopi mtu. Alikaa siku tisa. Nilimuuliza kama amesikia kitu au ameona kitu, akasema hajasikia na hajaona. Kisha akasema kwa haya, "Ila mzee, kila nikifungua mlango najisikia sina adabu. Ni kama naingia kwa watu bila hodi." Hakudai kodi yake iliyobaki.

Kikabaki kitupu. Mimi naishi namba moja, kwa hiyo kila nikienda bombani sharti nipite mlangoni pake. Nilianza kupunguza sauti ya redio nikipita. Nilianza kupiga hodi, mimi mwenye nyumba, mchana kweupe, kabla ya kuingia kwenye chumba changu kisicho na mtu. Nilikuwa naingia na kuchuchumaa karibu na doa, kiganja juu yake, na sakafu ilikuwa na uvuguvugu kidogo. Nilifikiria kumwita padri, lakini padri angeuliza jina la marehemu na siku aliyofariki. Nilijiona mkosaji ambaye hata kosa lake hawezi kuliandikia barua.

Mwishowe nikaenda kwa Verediana. Sasa ni bibi kizee, macho yamefifia, anashinda kwenye kibaraza chake akipukuchua mahindi kwa kupapasa. Nilimwamkia kwa Kihehe, kamwene, akanijua kwa sauti. Nikazunguka weee, bei ya mbolea, baridi ya mwaka huu, mpaka nikafika. Nikamuuliza walimlaza wapi hasa na wakamlazaje. Nikasema sikuwahi kuuliza, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza.

Mikono yake ilisimama juu ya gunzi.

"Siku ile nilikuambia usiulize," akasema. "Sikukuambia usiulize milele."

Akaendelea na mahindi yake, akauliza kwa nini namuuliza yeye, wakati mwenyewe yuko Mbeya na simu anayo. Nilirudi nyumbani na namba ya Atuganile imefunguliwa kwenye simu, nikaitazama mpaka kioo kikazima. Nilifanya hivyo siku nne, na sikupiga. Miaka ishirini na zaidi alikuwa akipita na jambo lile mbele ya macho yangu, akiwa na ufagio, na mimi sasa nianze na salamu gani?

Sijui kama ni bibi aliyempa habari. Alhamisi moja, saa tano asubuhi, nilikuwa natengeneza mfereji wa maji machafu nikasikia mtu anabisha getini. Alikuwa Atuganile. Amekonda kidogo, kitenge kizuri, begi moja na godoro dogo lililokunjwa na kufungwa kamba. Alinisalimia kama mtu anavyomsalimia mwenye nyumba wa mtaa mgeni.

"Nasikia una chumba," akasema.

"Mama Ikupa..."

"Ni shilingi ngapi kwa mwezi?"

"Arobaini elfu. Lakini wewe huwezi..."

"Arobaini. Nalipa miezi mitatu."

Alifungua pochi akahesabu laki na ishirini, akaninyooshea. Mikono yangu ilikuwa na matope na sikujua niifutie wapi. Akanieleza kwa utaratibu kwamba biashara yake ipo Uyole na itabaki Uyole, ila kila akija Ubaruku kuchukua mchele atakuwa anapitiliza mpaka huku, analala siku mbili, anaondoka. Alitaka mkataba wa maandishi. Uandikwe kwamba madhali analipa hatolewi, na kwamba sakafu haiguswi na mtu yeyote, fundi wala mwenye nyumba.

Hapo nililia. Nililia vibaya, kamasi na matope, mtu mzima wa miaka hamsini na moja. Nikamwambia nitabomoa chumba leo hii. Nikamwambia twende kwa mwenyekiti kesho nimwandikie huku nyuma kote, jina lake, bure. Nikamwambia niliyaona yale mawe kwenye mtaro, nikayajua, nikasema ni mafiga.

"Najua," akasema. "Aroni alinipigia siku ileile."

Hakupaza sauti. Alijua tangu siku ile kwamba nilijua, na alikuwa amekaa nalo kule Mbeya, anapima mchele, anarudisha chenji. Ningefurahi kama angenitukana.

"Ubomoe ili iweje?" akaniuliza. "Umchimbue tena? Acha alale. Na karatasi yako sitaki. Ulitaka haki, Baba Ikupa, ukapewa, na mahakama ilishafunga jalada. Mimi nataka chumba tu."

Nikanawa mikono. Nikaingia ndani nikaandika mkataba kwenye karatasi ya daftari, maneno yake yote kama alivyoyataka, tukatia sahihi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akanikabidhi kodi, nikaipokea kwa sababu aliendelea kuishika mpaka nilipoipokea. Nikampa ufunguo. Akashukuru kwa lugha ya kwao, ndaga, akanyanyua godoro lake, akakataa nimsaidie.

Alikuwa ameshaingiza ufunguo kwenye kitasa ndipo swali likanitoka, ambalo hata siku ile ya ugali halikuwa limenijia.

"Mama Ikupa. Alikuwa wa kiume au wa kike?"

Aligeuka akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu siku ya ile sufuria, na nilidhani atanijibu, maana macho yake yalilainika.

"Hilo ni langu," akasema. "Hatukuligawa."

Akaingia, akafunga mlango taratibu. Nikasikia godoro linafunguliwa na kuwekwa chini kule upande wa ukuta wa nyuma. Kisha akaanza kuzungumza, polepole, kwa Kinyakyusa, anasema na kunyamaza, anasema na kunyamaza. Katikati ya maneno kuna moja alikuwa akilirudia, fupi, kwa namna mtu anavyomwita mtu kwa jina lake. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikujifunza lugha yake zaidi ya salamu na asante. Nilisimama nje ya mlango na kodi ya miezi mitatu mkononi, nikijaribu kulishika lile neno, na sikuweza.